Ubavu wa Rikke

Ncha ya mkuki ilipita vidole viwili tu kutoka jicho la Rikke, na Palle, aliyeushika mkuki huo, hakuiona ikipita. Alichokiona ni nyasi za Aprili, na mbele yake Mogens, siku hiyo akicheza adui, akirudi kinyumenyume na ngao yake iliyobanduka rangi. Kisha akasikia chuma kikigonga chuma, mlio mdogo kama wa kijiko ukingoni mwa kikombe, na sauti ya Rikke ikisema, "Ala."

Aligeuza kichwa. Ndipo Rikke alipotokea, kama mtu anayetoka nyuma ya pazia. Alikuwa hatua nusu mbele ya pale Palle alipomdhania, ameshika ukingo wa kofia yake ya chuma, mahali ambapo palikuwa na mkwaruzo mpya unaong'aa.

"Mzee, nina jicho huku," Rikke alisema. "Nalitumia kila siku."

Watu walicheka. Palle naye akacheka, maana asingecheka angeulizwa.

"Ulisogea," alisema.

"Nilisogea, ndiyo. Vitani watu husogea. Ulitaka nisimame kama kabati?"

"Kabati lina akili kuliko wewe," Mogens alimtania, na mambo yakaishia hapo. Yaliisha kwa wote ila Palle. Yeye alibaki na mlio ule. Ulimfuata kiwandani, ukamfuata mezani, ukawa unamgonga kila alipokoroga kahawa. Mkuki wa mazoezi ni butu, ncha yake imeviringwa mpaka inafanana na ukingo wa sarafu, lakini jicho halijui habari za butu. Miongoni mwa silaha zote, mkuki ndio unaowatia hofu wanaojua kazi, kwa kuwa ni mrefu, na mkono unaoushika unakaa mbali na mahali unapofika.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tisa, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo kwa kazi. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha jibini, nje ya mji mdogo wa Ravnkær kaskazini mwa Jutland, akigeuza magurudumu ya jibini kwenye rafu za chumba baridi ili yasinyauke upande mmoja. Ni kazi ya kimya. Jibini halisemi, na wenzake wa chumba baridi walivaa vipokea sauti masikioni. Nyumbani pia palikuwa kimya. Annelise, aliyekuwa mkewe, alihamia Aalborg miaka tisa iliyopita, bila ugomvi, kama mtu anayeshuka kwenye kituo chake. Aliacha kanzu ya sufu aliyomshonea Palle kwa mkono wakati wote wawili walikuwa wageni katika kundi. Mishono ile ilikuwa imedumu kuliko ndoa.

Basi kulikuwa na Jumanne. Kila Jumanne jioni, kuanzia theluji inapoyeyuka mpaka majani yanapopukutika, watu kama thelathini wa Ravnkær hukutana kwenye uwanja ulio nyuma ya ukumbi wa mji. Huvua saa na miwani, wakavaa kanzu walizojishonea, viatu vya ngozi walivyovikata wenyewe, na wakawa wapiganaji wa miaka elfu moja nyuma, kwa mapigano ya kuigiza. Yumo fundi bomba, yumo katibu wa shule, wamo mume na mke wenye duka la maua. Mogens, rafiki wa Palle, alikuwa mtu wa posta mpaka alipostaafu. Rikke alifundisha watoto kuogelea, alikuwa na miaka thelathini na minne, sauti ya kuvuka maji, na mtoto wa miaka minne ambaye bado alilala kitandani mwa wazazi. Vibeke, aliyewaongoza wote, alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, na walisema kwamba ndiyo maana hakuna aliyethubutu kufungua mdomo mbele yake.

Rikke alisimama kushoto kwa Palle. Kwa miaka sita hapo ndipo palipokuwa mahali pake.

Kwenye safu ya ngao mtu hajilindi peke yake. Ngao inashikwa kwa mkono wa kushoto, na ukingo wake unamfunika jirani wa kushoto, ubavu wake wa kulia, ule ambao yeye mwenyewe hawezi kuufunika kwa kuwa mkono wake una mkuki. Kwa hiyo ubavu wa Rikke ulikuwa juu ya Palle. Na kabla ya pambano lolote la chuma, neno lilipitishwa. Lilianzia mwisho wa kulia, kwa Vibeke. Aliweka mkono kwenye bega la aliye kushoto kwake akasema, "Ubavu wako ninao." Huyo akalipokea, akamgeukia mwenzake, akaweka mkono, akasema vilevile. Lilikwenda hivyo mtu kwa mtu mpaka mwisho wa kushoto, na wa mwisho, asiye na wa kumpa, aligonga ngao yake mara tatu. Hapo ndipo safu ilipoondoka. Mapigo yasiposikika, haiendi popote.

Neno hilo halikuwa pambo la watazamaji. Miaka mingi nyuma mtu mmoja aliingia safuni na pombe ya jana kichwani akamvunja mwenzake taya, na tangu siku hiyo kusema "ubavu wako ninao" kulikuwa na maana ya kwamba nimelala, sijalewa, mkono wangu ni mzima, akili yangu iko hapa. Asiyeweza kusema hujitoa kabla safu haijapangwa. Na hakuna anayeruhusiwa kumuuliza sababu. Hiyo pia ni sheria.

Palle aliipenda safu kwa jambo ambalo asingeweza kumwambia mtu. Kati ya Jumanne moja na nyingine hakuna mkono wa binadamu uliomgusa. Mkono wa Mogens begani mwake, na wake mwenyewe begani mwa Rikke, ndivyo alivyojua kwamba bado ana mwili.

Februari alikuwa ameangusha vikombe vitatu katika wiki moja, vyote upande wa kushoto. Alinunua vya bati. Kisha akajigonga bega kwenye mlango wa chumba baridi, mlango aliopita kwa miaka ishirini na miwili, akaenda kwa daktari wa macho. Msichana wa pale alimkalisha mbele ya bakuli kubwa jeupe, akamkabidhi kitufe, akamwambia atazame nukta katikati na abonyeze kila aonapo kijitaa. Vijitaa vilikuja, akabonyeza. Kisha vikakoma kwa muda mrefu. Palle alidhani mashine imepumzika. Alisubiri kwa adabu, kidole juu ya kitufe, akisikia ndani ya mashine tiki, tiki, tiki, bila kujua kwamba kila tiki ilikuwa taa inayowaka mahali ambapo yeye hakuwa na kitu.

"Ni presha ya macho," daktari alisema. "Imekula kimyakimya. Yote mawili, upande wa kushoto."

"Nipatie dawa."

"Utapata matone. Matone yatalinda kilichobaki. Kilichokwenda kimekwenda."

Akamwambia asiendeshe gari. Palle alimwambia Mogens kwamba gari lake limekufa gia, na kwamba kulitengeneza ni hasara. Tangu hapo Mogens ndiye aliyempitia kila Jumanne, akinung'unika juu ya bei ya petroli na kumletea kipande cha mkate mweusi wenye samaki wa siki kwa ajili ya njiani. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Lakini hicho kilichomnyemelea Palle hakikuwa kifo chake.

Mtu atauliza, si angejitoa tu? Kujitoa siku moja ni heshima. Jumanne ya pili watu wataitika kwa kichwa. Ya tatu watu wataanza kukutazama, na ya nne watakuwa wameshajua, na hakuna atakayekuuliza, na mahali pako patakuwa pameshazibwa na bega la mtu mwingine. Palle aliyapiga hesabu haya kila usiku wa Jumatatu, na kila Jumanne aliweka mkono wake begani mwa Rikke akalisema neno. Tangu ule mlio wa Aprili alikuwa amelisema mara tisa.

Alijaribu ujanja. Aligeuza kichwa mara kwa mara, mpaka Vibeke akamuuliza kama shingo inamuuma. Alijifunza kumsikia Rikke, mlio wa mkanda wake, pumzi yake kabla ya kupiga hatua. Wakati mwingine ilitosha. Lakini upande ule haukuwa giza, laiti ungekuwa giza angeuogopa kwa haki. Haukuwa kitu. Mahali pa Rikke palikuwa kama mahali nyuma ya kisogo, ambapo hata weusi haupo.

Juni ikaja, na soko la majira ya joto. Watu wa ng'ambo ya ghuba walivuka na mahema yao, wakapanga kambi upande wa pili wa uwanja, na kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, makundi mawili yalipigana mbele ya watazamaji.

Jumamosi, Palle alikufa mapema mno.

Katika mchezo huu hakuna mwamuzi wa kuhesabu. Kila mtu hujihesabia mapigo mwenyewe, akiguswa sawasawa anaanguka mwenyewe, na mtu asiyekufa anapopaswa huitwa jina ambalo halisemwi mbele ya watoto. Safu mbili zilikuwa hazijakutana, zimebaki hatua tatu, Palle aliposikia mkanda wa Rikke ukilia. Alisogea? Alisogea wapi? Mkuki wa Palle ulikuwa tayari unakwenda. Akauachia mkuki, akaanguka kifudifudi kwenye nyasi, bila kuguswa na yeyote. Alilala pale, pua kwenye udongo, huku miguu ikipita juu na kando yake, na moyo ukimdunda kiasi kwamba alidhani nyasi zinatikisika. Akajiambia, ni salama sasa. Maiti haimtoboi mtu jicho.

Jioni, kambini, walimpokea kwa vicheko.

"Palle amekufa kwa upepo," Mogens alitangaza, akigawa uji wa shayiri.

"Siyo upepo," alisema mwenye duka la maua. "Alionja supu ya Vibeke."

"Supu yangu haijaua mtu."

"Imewahi kumtoa mtu hamu ya kuishi."

Rikke hakucheka. Alikuja akakaa upande wa kulia wa Palle, kwa bahati tu, mahali alipoweza kumwona, akainua kanzu yake ubavuni. Palikuwa na alama ndefu, nyekundu, ikianza kuwa ya zambarau katikati.

"Uliniacha wazi," alisema, si kwa ukali. "Yule mwenye shoka kutoka ng'ambo aliingilia palepale pako. Nilidhani upo, kwa hiyo sikujifunika."

"Samahani."

"Uliguswa na nani?"

Palle alitazama bakuli lake. "Nilihisi kitu."

"Kufa kabla ya wakati ni sawa na kukataa kufa, mzee. Wewe ndiye uliyenifundisha hilo."

Akainuka akaenda zake. Palle aliubeba uji wake mpaka ukapoa. Sasa alijua kwamba akisimama anaweza kumpofusha, na akianguka anamwacha wazi, na kwamba hofu yake, ambayo alidhani ni ya kumlinda Rikke, ilikuwa tayari imeandika jina lake ubavuni mwa Rikke huyohuyo.

Asubuhi ya Jumapili alipata wazo la kipumbavu, na kama wapumbavu wote waliokosa usingizi aliliona ni la busara. Kabla ya kila pambano silaha hukaguliwa. Mkaguzi huvuta soksi nyembamba ya kike kwenye makali yote, na kama nyuzi zikinasa mahali, chuma hicho kina kikwaruzo kinachoweza kukata ngozi, kinakataliwa. Palle alikwenda nyuma ya hema, akaokota jiwe, akaigonga ncha ya mkuki wake mpaka ukingo ukavimba. Mkuki utakataliwa. Atakaa nje kwa sababu ya chuma, siyo kwa sababu ya macho. Jumapili itapita, na baada ya Jumapili kuna wiki nzima ya kufikiri.

Mkaguzi alikuwa Mogens. Alivuta soksi, nyuzi zikanasa. Akaangalia ncha, akamwangalia Palle, akatoa tupa mfukoni.

"Leta hapa."

"Iache, Mogens. Sheria ni sheria. Nitakaa nje."

"Ukae nje kwa kikwaruzo? Na mimi nina tupa? Nikuache nje nisimame na nani, na yule kijana wa bima anayenuka manukato?" Alikuwa ameshaanza kusugua. Vumbi la chuma lilimdondokea kwenye vidole. "Umelala vibaya. Naona. Sote tumezeeka kwa mahema haya." Alivuta soksi tena, ikateleza kama juu ya maji. Akamrudishia mkuki. "Kamili. Nenda ukafe kwa wakati wako leo."

Saa nane mchana jua lilikuwa kali na hapakuwa na upepo. Watu mia nne walikaa nyuma ya kamba na aiskrimu zao. Upande wa pili watu wa ng'ambo walikuwa tayari wamepangika, wakigonga ngao na kutoa matusi ya kizamani. Safu ya Ravnkær ilijipanga. Kwa Palle ilianza kwa Mogens kulia, ikaishia kwake mwenyewe. Baada yake hapakuwa na kitu, ila alijua kwamba hapo pasipo na kitu alisimama Rikke, ubavu wake umefungwa kitambaa, na baada yake wengine kumi.

Neno lilianza. Alilisikia likija, sauti ya Vibeke, kisha ya fundi bomba, kisha ya mwanamke wa maua. Kofia ya chuma ilimbana, jasho likamwingia machoni, na hata kile kidogo alichokuwa nacho kikawa ukungu. Mkono wa Mogens ukatua begani mwake, mzito, wenye harufu ya chuma kilichosuguliwa.

"Ubavu wako ninao," Mogens alisema.

Palle aligeuka kushoto. Alinyoosha mkono ukagusa hewa, ukapapasa, ukalikuta bega. Lilikuwa chini zaidi ya alivyodhani. Lilikuwa na joto. Akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

"Palle," Rikke alinong'ona. "Sema, bwana."

Alijaribu tena. Alihisi ulimi ukinyanyuka na kulala. Mbali, mwisho wa kushoto, yule wa kugonga ngao alichungulia nje ya safu. "Limekwama wapi?" aliuliza. "Limekwama kwa nani?"

Kwa miaka kumi na sita Palle hakuwahi kuona neno likikwama ndani ya safu. Watu hujitoa kabla, hujitoa kwa adabu, mahemani. Watu wa ng'ambo walipunguza kelele, wakaacha, wakatazamana. Mtangazaji, kijana wa manispaa aliyepewa kipaza sauti na karatasi mbili, aliona kimya kikizidi akaamua kukijaza. "Na sasa," alisema, "mashujaa wetu wanaiomba miungu yao ya kale." Watazamaji wakanyamaza kwa heshima. Mtoto mmoja aliuliza kama wanalala.

Vibeke alitoka mahali pake akaja kwa miguu mbele ya safu, taratibu, ngao ikining'inia. Alisimama mbele ya Palle. Macho yake chini ya ukingo wa chuma yalikuwa ya kazini, ya mtu aliyezoea kutazama vinywa vya waoga.

"Unatoka?" aliuliza. Hilo tu. Sheria haikumruhusu zaidi.

Na hapo Palle aliona mlango ulivyo wazi. Angesema ndiyo, angepiga hatua tatu nyuma, na hakuna ambaye angemuuliza kitu, leo wala kesho. Sheria ingemfunika kama ngao. Jumanne angerudi na macho yaleyale, akasimama mahali palepale. Kitu hicho kilimtisha kuliko watu mia nne, kwamba ingekuwa rahisi kiasi hicho.

"Natoka," alisema. Kisha, kwa kuwa mkono wake ulikuwa bado begani kwa Rikke na hakujua auweke wapi, akasema, "Rikke, sikuoni. Upande huu wote sioni. Sikukuona Aprili. Sijakuona tangu kipindi cha baridi."

Bega chini ya mkono wake lilikakamaa. Halafu likajitoa.

Mogens, kulia kwake, alivuta pumzi kama aliyeguswa na maji baridi. Vibeke hakubadilika uso. Kisha akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Fungeni nafasi," akarudi mwisho wa kulia.

Palle alirudi nyuma, hatua tatu, nne. Mogens alisogea kushoto bila kumtazama. Ngao zikaumana pale alipokuwa amesimama yeye, zikatoa mlio wa mbao, na nafasi haikuwapo tena. Neno lilianza upya kutoka kwa Vibeke. Alilisikia likifika kwa Mogens, na kuvuka, na sauti ya Rikke ikilichukua, imepasuka kidogo, ikilipeleka mbele. Mapigo matatu. Safu ikaondoka.

Alisimama na mkuki mkononi kama mtu aliyesahaulika kituoni. Alidhani hofu ingemwacha. Haikumwacha, ilibadilisha mahali. Sasa alimtazama Rikke akienda, na ili amwone alilazimika kuzungusha kichwa chote, na kila alipomwona alimpoteza Mogens, na kila alipompata Mogens alimpoteza Rikke, na mikuki ilikuwa mingi, na hakuna hata mmoja ambao angeweza kuuzuia.

Rikke alirudi akiwa hai. Au tuseme alikuwa amekufa dakika ya mwisho kabisa, kwa panga la mtu wa ng'ambo mwenye ndevu, akafa vizuri, na sasa alikuwa na nyasi kwenye nywele. Palle alikuwa ameketi juu ya sanduku la vigingi. Alimsikia kwanza.

"Tazama pua yangu," Rikke alisema, akichuchumaa mbele yake.

"Rikke—"

"Tazama pua yangu. Usihamishe macho. Ukikiona kidole changu sema sasa."

Akatazama pua yake. Ilikuwa imebabuka kwa jua. Akasubiri. Alisikia kwa mbali watazamaji wakiondoka, viti vikikunjwa. Akasubiri sana, na akatambua kusubiri huku, subira ya mtu anayedhani mashine imepumzika, na ngozi ya mgongo ikamsisimka.

"Sasa," alisema.

Kidole kilikuwa kimetokeza karibu kabisa na pua. Rikke alikitazama, kisha akanyoosha mkono wake wote kando, pole pole, akiupima umbali ule uliopita bila neno. Mkono ukapotea. Akabaki mwanamke mwenye mkono mmoja.

"Mimi nilikuwa hapa," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa hapa kila Jumanne, na wewe unaniwekea mkono na kuniambia."

"Ndiyo."

Alifikiri atampiga. Alitamani ampige. Rikke alikaa chini kwenye nyasi, akavua glavu moja, kisha ya pili.

"Nina mtoto wa miaka minne," alisema. "Anapenda kunifumbua macho asubuhi kwa vidole, nikiwa bado nimelala." Akazikunja glavu. "Mume wangu simwambii habari za Aprili. Sikufanyii wema. Akijua atanikataza kuja."

"Nisamehe."

"Siyo leo." Aling'oa nyasi, akaitupa. "Ulikuwa unaogopa nini hasa? Kwamba tutakucheka?"

"Kurudi nyumbani," alisema.

Vibeke alikuwa ameshasema, alipopita na ndoo ya maji, bila kusimama: hakuna mkuki tena, hakuna safu tena, si mwaka huu wala mwingine. Alisema kwa sauti ileile ambayo pengine aliitumia kumwambia mtu kwamba jino haliokoleki. Palle aliitika. Halikuwa jambo la kubishaniwa.

"Jumanne utakuja?" Rikke aliuliza.

"Kufanya nini?"

"Sijui. Sijui kabisa, na nimekukasirikia, usiniulize vitu." Aliinuka, akajikung'uta, akashika ubavu wake palipouma. "Mogens atakupitia kama kawaida. Kakaa kule anajilaumu na kitupa chake."

"Naogopa," Palle alisema. Lilikuwa limemtoka tu.

"Basi ogopa ukiwa huku," Rikke alisema, na akaondoka akielekea mahemani.

Alibaki kidogo. Kisha akasimama, maana jua lilikuwa linamchoma na kulikuwa na vitu vya kubeba. Kati yake na kambi palikuwa na kamba za mahema, nyingi, zimetandazwa chini kila upande, kamba ambazo kwa siku mbili alizikanyaga na kusingizia usingizi. Alitembea pole pole akinyanyua miguu. Na kila baada ya hatua mbili aligeuza shingo yote kushoto, waziwazi, kama kuku, mbele ya kila aliyetaka kutazama, akichungulia kule ambako hakukuwa na kitu.